Sala Yenye Namba ya Zamani

Siku ile mjinga alikuwa Lwaboshi, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jikoni kwa mama yake mkubwa, Kabibi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, akiwatoa vichwa usipa, dagaa wa Malawi ambao Mama Kabibi aliwaita ndagala wasiomaliza shule. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana. Mama Kabibi alikuwa akipepea makaa kwa kifuniko cha sufuria. Akaacha kupepea.

"Mi nilimupotezaka Mungu njia," alisema.

Lwaboshi alisubiri. Huyu ndiye aliyemlea tangu walipokimbia Fizi, kule Congo, na alijua kwamba hasukumwi.

Mama Kabibi alikuwa mtu wa kusali kwa namba. Kanisani kwao kila mtu alimpelekea Mungu dosye yake, yaani faili lake la kuhamishiwa ng'ambo, lakini wengi walitaja jina lao na nchi wanayoitaka, basi. Yeye aliona jina halitoshi. Akina Kabibi walikuwa wengi kambini, na wengine tabia zao zilijulikana. Kwa hiyo alimtajia Mungu namba ya dosye, tarakimu moja moja, polepole, ili malaika anayeandika asiachwe nyuma, halafu akairudia kwa Kiingereza kwa ajili ya ofisi. Alimaliza hivi: "Na mwisho C, Bwana. C kama Congo."

Wiki ile alikuwa amekwenda kuulizia kwenye dirisha la ofisi ya wakimbizi. Akaambiwa kwamba tangu uhakiki wa mwisho, miaka minne iliyopita, namba yake ni nyingine. Kadi mpya ilikuwa chini ya godoro lake, ndani ya plastiki, hajaisoma hata siku moja. Nani husoma namba anayoijua kwa kichwa? Ile ya zamani walikuwa wamempa mtu mwingine. Mama Kabibi aliitafuta kwenye ubao wa matangazo na kuikuta. Mwenye nayo alikuwa ameshaondoka kwenda Australia, yeye, mke wake na watoto sita.

"Miaka ine," alisema Mama Kabibi. "Asubuhi na mangaribi. Nilikuwa namuombea mutu mwingine. Na ye ameenda." Alilia kidogo, bila sauti, huku akiangalia makaa yasizimike. "Usiambie mutu."

"Nitamwambia nani, Mama Mukubwa?"

Alikuwa anamaanisha. Alimaanisha mpaka ugali ulipoiva. Walipomaliza kula akanawa mikono, akaenda kuiandika habari hiyo.

Ni lazima isemwe kwamba Lwaboshi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutengeneza simu karibu na soko. Ya pili, isiyo na kibanda, ilikuwa kuitania kambi nzima. Alitania maharusi mbele ya wakwe na wafiwa kwenye matanga, na wafiwa wakamshukuru. Alisema mtu akishapigwa na dunia vya kutosha hubakiwa na mawili, kunung'unika au kuchekesha, na kwenye kunung'unika foleni ilikuwa ndefu mno.

Mwaka huo alikuwa anapiga filamu kwa simu. Ilihusu nabii wa uongo anayeombea dosye. Nabii huyo ana ndege ya katoni iliyoning'inizwa juu ya madhabahu. Waumini wake wanakaa wawili wawili kama abiria, wamejifunga mikanda iliyoshonwa kwa magunia, wamevaa sweta katika jua la mwezi wa kumi. Kwaya inapita katikati ikigawa soda. Kila Ijumaa wanatumbukiza miguu kwenye beseni la barafu, ili miguu izoee Canada mapema.

Nabii aliigizwa na Ezechiel, rafiki wa Lwaboshi kutoka Uvira. Ezechiel aliendesha kabaza, akibeba watu kwa baiskeli kutoka barabarani mpaka kambini, na alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajawahi kuombwa ushahidi. Suti yake nyeupe ilishonwa na Mama Kabibi, aliyeambiwa ni ya mchezo wa Noeli. Halafu palikuwa na mama mmoja katika filamu, aliyeigizwa na Carelle, msichana wa Kirundi mwenye uso wa huruma. Mama huyo anapiga magoti na kumtajia Mungu namba polepole, C kama Congo, kisha anagundua kwamba kwa miaka minne amekuwa akimpandisha mtu mwingine ndege. Carelle alivaa kitambaa cha kichwa cha njano. Lwaboshi alikuwa amekichukua kwenye kamba ya nguo ya Mama Kabibi, na alikirudisha kabla hakijatafutwa.

Siku Mama Kabibi alipokaza kifungo cha mwisho cha suti, mkono wake wa kuume ulijifunga. Vidole vilikunjana kana kwamba vimeshika mkasi, na havikuachia tena. Kliniki walimpa vidonge. Pasta Bienvenu alimpaka mafuta. Mkono ukaendelea kushika mkasi usiokuwepo. Cherehani ikafunikwa kitambaa, na majoho ya kwaya aliyokuwa ameahidi yakaenda kwa fundi mwingine. Mama Kabibi hakuwa na kazi nyingine duniani, wala hakuwa na mkono mwingine wa kuume.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza katika sinema ya Nshimirimana, nyumba ya matofali mabichi yenye turubai juu na mabenchi ya mbao. Watu walicheka tangu mwanzo, lakini sala ya Carelle, iliyokuja dakika ya ishirini na tatu, iliwaangusha. Mzee Audace, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu Burundi, alicheka mpaka akapaliwa, kisha akasimama kulalamika kwamba spika ina kelele. Vénérande wa mtaa wa juu alitoka akisimulia ile sala kwa mikono miwili, na alikuwa karibu na kwao alipokumbuka kwamba ameacha mkongojo wake chini ya benchi.

Kesho yake walikuja wenye vidonda. Keshokutwa walikuja wenye presha. Mambo yakapata utaratibu. Kicheko cha heshima hakikuponya kitu. Ilibidi kitoke tumboni, na kitoke pale kwenye namba, si penginepo. Nshimirimana alibandika karatasi mlangoni: WALIOPONA WAWAPISHE WENZAO. Muuguzi wa kliniki alikuja kuona, akatazama jinsi foleni yake ilivyokuwa imepungua, akauliza kama Jumanne filamu inaweza kuanza saa mbili asubuhi, maana Jumanne ni siku ya watoto. Pasta Bienvenu naye alikuja, amevaa kofia, kwa sababu ya mgongo. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na upande mmoja wa mgongo ukapona. Jumapili alihubiri dhidi ya filamu hiyo kwa saa nzima, akiwa ameinama kidogo kushoto.

Hapakuwa na siri kuhusu ile sala. Kanisa zima lilikuwa limemsikia Mama Kabibi akitaja namba yake kwa miaka, na hiyo C. Watu walidhani alikubaliana na mwanawe. Wengine walimsifu kwa kujitolea. Habari ya mtu wa Australia walidhani Lwaboshi ameitunga, na kwa hilo walimsifu yeye.

"Mama Kabibi, uende nawe ucheke," majirani walimwambia. "Huo mukono utaachia."

"Banachekaka nini mule?" alimuuliza Lwaboshi.

"Manabii ba uongo, Mama Mukubwa."

"Manabii ba uongo, hata mi nitabacheka. Unipeleke."

Lwaboshi alimwambia mashine ya Nshimirimana imeharibika. Wiki iliyofuata alimwambia filamu imechoka, inapumzika. Kisha alimwambia benchi zina kunguni, na hilo lilikuwa kweli. Alitaka mkono ule ufunguke kuliko alivyotaka kitu chochote. Mchana alipokuwa akifungua simu za watu kwa bisibisi alijaribu kutunga mzaha mwingine, wa kumchekesha yeye peke yake, akamletea mmoja kila jioni. Mama Kabibi alicheka yote. Mkono haukujali.

Katika siku hizo Ezechiel alimwomba filamu kwenye flashi, akamwonyeshe shemeji yake aliyekuwa na gauti kule Biwi, Lilongwe. Lwaboshi alimpa. Ezechiel aliondoka na flashi, na suti pia, akaacha baiskeli kwa mdogo wake. Hakurudi wiki hiyo, wala mwezi huo.

Charlène, jirani mshonaji, ndiye aliyeleta habari. Alikuwa ameshuka Old Town, mjini Lilongwe, kununua nyuzi na zipu, akapita Chilinde kumsalimu binamu yake.

"Yule rafiki yako amekuwa nabii," alisema. "Wa kweli."

"Wa kweli namna gani?"

"Iko na viti."

Jumapili Lwaboshi alipanda minibasi kwenda mjini. Huko Chilinde, nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, alikuta ukumbi wenye viti mia mbili vya plastiki, na vyote vimekaliwa. Juu ya madhabahu ilining'inia ndege. Hii haikuwa ya katoni, ilikuwa ya bati, na taa zake ziliwaka kwenye mbawa. Ezechiel alisimama chini yake ndani ya suti ya Mama Kabibi, iliyokuwa imepigwa pasi vizuri. Alinyoosha mkono, na shuka ya ukutani ikapata picha.

Ilikuwa filamu ya Lwaboshi, imekatwa. Beseni la barafu halikuwemo, wala sweta, wala soda. Mtu wa Australia hakuwemo. Alibaki Carelle peke yake, na kitambaa cha njano, amepiga magoti, anataja namba polepole. Chini yake palipigwa kinanda.

"Huyu mama," alisema Ezechiel, na mkalimani akamfuata kwa Chichewa, "alipiga magoti mbele yangu na namba yake mkononi. Leo iko Canada. Iko na nyumba ya juu na chini. Jana amenipigia, anasema kule theluji inaanguka."

Ukumbi ulilia. Walisimama mstari kuleta namba zao. Wakimbizi walileta namba za dosye. Wamalawi, ambao hawakuwa na dosye, walileta namba za vitambulisho, na mzee mmoja alileta namba ya mita ya umeme. Hakuna aliyecheka, kwa hiyo hakuna aliyepona. Mwanamke mmoja tu wa viti vya nyuma, ilipofika C kama Congo, alishindwa kujizuia. Jino lake lililokuwa limevimba lilitulia hapohapo. Wahudumu walimshika mikono wakamtoa nje kwa sababu ya kukosa adabu, naye akaenda zake akilisukuma lile jino kwa ulimi, hakuwa na kinyongo.

Ibada ilipokwisha, Lwaboshi alimkuta Ezechiel nyuma ya ukumbi, anakula nsima na kuku, ameweka leso shingoni ili suti isichafuke.

"Karibu chakula, ndugu yangu," alisema Ezechiel. "Unaonaje ndege?"

"We uko muigizaji, Ezechiel."

"Nilikuwaka."

"Ile filamu tuliitengeneza juu ya kubacheka bantu kama we."

"Ndiyo, ilikuwa na makosa mengi. Nimeyatoa."

"Kambini bantu banapona nayo. Hapa hakuna anayepona."

"Hapa hakuna aliyekuja kupona. Banakuja juu ya kupata ndege."

"Na ndege itakuja lini?"

"Si we uliandika isikuje?" Ezechiel alitoa mfupa mdomoni na kuuweka pembeni ya sahani. "Mi sibadilishe kila kitu."

Lwaboshi alikuwa amejiandaa kwa vicheko njia nzima, tangu minibasi ilipoondoka. Alikuwa na mzaha kuhusu suti na mwingine kuhusu mita ya umeme. Hakupata hata mmoja. Alimwambia Ezechiel kwamba amemuuza. Alimwambia kwamba walikula pamoja, kwamba alimpa flashi kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba yule mama anayesemwa yuko Canada tangu afike kambini hajavuka hata wilaya ya Dowa, na mkono wake umejifunga.

Ezechiel alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, kazi mpya ilimfundisha.

"Mama yako mi nimemuweka Canada," alisema. "We ulimuweka wapi?"

Akamsogezea bakuli la maji anawe. Lwaboshi hakunawa.

Alifika Dzaleka saa kumi jioni. Mlango wa Mama Kabibi ulikuwa umefungwa kwa kamba, na cherehani ilionekana dirishani chini ya kitambaa chake. Jirani alimwambia kwamba Vénérande amekuja kumchukua baada ya ibada, wamekwenda kwa Nshimirimana, maana leo mashine ni nzima. Mashine ilikuwa nzima siku zote.

Alipofika mlangoni mwa sinema ilikuwa dakika ya ishirini na mbili. Hakuweza kuingia, watu walijaa, akabaki amesimama kati ya waliopona. Mama Kabibi alikuwa benchi la mbele. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, na kichwani kile kitambaa cha njano. Mkono wa kuume ulikuwa mapajani, umeshika mkasi wake.

Carelle alipiga magoti. Carelle alianza kutaja namba. Kutoka mlangoni Lwaboshi aliona shavu la Mama Kabibi likicheza, na akaelewa kwamba anaitaja pamoja naye, tarakimu moja moja, bila sauti, kama mtu anavyomsaidia mtoto kusoma. Wakafika pamoja kwenye C. Nyuma ya Mama Kabibi sinema ililipuka. Kigugumizi cha kijana mmoja kiliisha katikati ya kicheko. Wanne walipona kwa mpigo, mmoja wao alikuwa ameingia kutafuta kivuli tu. Kisha yule mama wa filamu akaenda kwenye ubao wa matangazo, akamkuta mtu wa Australia na watoto wake sita, na ikawa zaidi.

Mama Kabibi hakucheka. Hakutoka pia. Hakuwa mtu wa kutoka kabla ya baraka. Alikaa mpaka majina ya waigizaji yalipokwisha, na jina la Lwaboshi lilipokuja mara tatu alilisoma mara tatu.

Njiani kutoka, watu walimshika mkono. Walimshika ule wa kuume, maana ndio wa salamu, wakautikisa ukiwa umekunjana vilevile.

"Asante, Mama, goti langu."

"Asante, Mama, ni presha."

"Zikomo, mayi," alisema mwanamke wa Kimalawi aliyetoka kijiji cha jirani na mtoto mgongoni.

Kila mmoja Mama Kabibi alimjibu, "Amina."

Yeye na Lwaboshi walitembea mpaka nyumbani. Mama Kabibi alifungua kamba ya mlango kwa mkono wa kushoto, na alichukua muda, na Lwaboshi alijua asimsaidie. Ndani alikaa kwenye kiti cha cherehani. Lwaboshi alibaki amesimama.

"Nitaikata ile sehemu, Mama Mukubwa. Leo leo."

"Usikate. Bantu banapona."

"Jina lako haliko mule."

"Kitambaa changu iko mule."

"Nilikosa. Nakuomba musamaha, nitaomba hata kanisani mbele ya bantu bote. Lakini kwanza cheka. Mara moja tu, juu ya mukono uachie. Kisha unichukie."

"Mi sikuchukie."

"Basi cheka."

"Haikuji."

Hapo Lwaboshi alifanya alichozoea kufanya akibanwa, alitafuta neno la ujanja. Alichuchumaa mbele yake, akaushika ule mkono uliokunjana, akasema taratibu, kama mtu anayefungua simu ya gharama:

"Mama Mukubwa, angalia vizuri. Nani anaponyesha bale bantu? Si mi. Si Nshimirimana. Ni Mungu. Na anabaponyesha pale pale, kwa ile namba, hakuna pengine. Ni kusema hata ye ile sala imemuchekesha. Miaka ine amekusikia, na amecheka, na hajakasirika. Sasa kama Mungu mwenyewe amecheka, we ni nani ukatae?"

Aliona amesema vizuri. Pasta Bienvenu asingesema vizuri hivyo, hata na mgongo mzima.

Mama Kabibi aliuvuta mkono wake taratibu, akaurudisha mapajani.

"Mungu acheke tu," alisema. "Ye alijuaka pasipo kuambiwa. We, nilikuambia."